Kichwa cha Fundi Si Mrunda

Pita kwenye nyumba yoyote inayowekewa sakafu ya mbao ghorofani, iwe Dar es Salaam au Mombasa, uone kazi inavyokwenda: vijana wawili juu ya ngazi, boriti imekaa kichwani, na fundi mkuu anapiga misumari ya inchi nne mshazari huku akifoka, "Shikilia! Shikilia hapohapo!" Mimi hili silikubali. Boriti ya mvule ya mita 4, unene sentimita 10 na kimo 25, ikiwa kavu ina karibu kilo 65. Mbichi ndiyo usiseme.

Ninachokitetea ni jiriwa, yaani vibanio vya kukazia mbao, na hanga za chuma, ile bati nene iliyokunjwa ikawa kitako cha kukalia ncha ya boriti na mashavu mawili ya kupigia misumari.

Kata kipisi cha mbao ngumu, nusu mita hivi. Kilaze juu ya ncha ya boriti, kitokeze mbele kidogo, ukibane kwa jiriwa mbili zinazofunguka kupita sentimita 30. Zirudishe nyuma ya ncha, hanga ipate nafasi. Fanya hivyo ncha zote mbili. Boriti ikishapandishwa, vipisi vinakaa juu ya boriti za ukutani, zile zinazopokea ncha, na mzigo unaning'inia wenyewe. Hapo fundi anashuka, anakunywa maji, kisha anapachika hanga kwa chini, kitako kikigusa mbao barabara, na kugongomea bila kelele.

Wapo wanaotanguliza hanga. Kwa mbao za kiwandani zilizorandwa, sawa. Hizi zetu za kupasuliwa, moja ina kimo cha sentimita 25, jirani yake 24. Ukipanga hanga zote usawa mmoja, sakafu itakuwa mawimbi. Kwa njia ya kipisi, nyuso za juu zinalingana na tofauti yote inabaki chini, ambako dari itaificha.

Kinachoniudhi zaidi ni skrubu nyeusi za bodi za jipsamu kutumika kufungia hanga. Ni ngumu lakini zinakatika ghafla, hazikutengenezwa kubeba boriti. Tumia misumari minene iliyotajwa na mtengenezaji wa hanga, na ujaze matundu yote anayoyataka, si mawili matatu ya kuzugia. Ukijenga karibu na bahari, tafuta hanga za chuma cha pua kisichoshika kutu, maana chumvi haina huruma na zinki nyembamba. Za kuchomelewa mtaani mimi naziruhusu kwenye kibanda cha kuku. Kwenye sakafu watakayolala watoto, hapana: hakuna aliyezipima.

Najua jibu litakalokuja: wazee wa Lamu na Mji Mkongwe walijenga maghorofa bila hanga. Kweli, lakini boriti zao za mikoko ziliingizwa ndani ya kuta nene za mawe ya matumbawe. Ncha ilikalia jiwe, haikuning'inizwa kwenye msumari. Na kwa kuwa mkoko una urefu wake, vyumba vikawa vyembamba, karibu mita 3 tu. Wao walifuata mbao. Sisi tunachora sebule pana kwanza, halafu tunaiachia misumari minne ya mshazari ibebe.

Jiriwa nazo hulegea kwa mtikisiko wa nyundo. Zikaze tena kila baada ya kugongomea shavu moja, weka mrunda, ule mti wa kuegemezea, chini ya boriti kwa akiba, na asisimame mtu hapo mpaka hanga za ncha zote mbili zimejaa misumari.