Mnunuzi aliyekuja na timazi

Mara ya tano alipokuja kuitazama nyumba, alikuja na mvua. Alikuwa amenipigia simu asubuhi, akanisalimia kwa Kiha: "Mwakeye, mama. Wingu limejifunga juu ya ziwa. Ikianza kunyesha tu, nitakuwa hapo." Na kweli, matone yalipoanza kupiga bati nilimkuta kasimama katikati ya chumba cha marehemu baba, kofia mkononi, macho darini, kimya. Zikapita kama dakika kumi. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya juu ya dirisha, pale palipo na doa la rangi ya chai, ambalo sasa lilikuwa linameremeta kwa maji.

"Hili doa lina miaka mingapi?"

Nilitamani kumwambia amuulize aliyejenga, na aliyejenga tumemzika. Nikajizuia. Doa lile nimelijua tangu nikiwa shule ya msingi, na kabla ya kutangaza nyumba inauzwa nililipaka rangi nyeupe mara mbili.

Nyumba yenyewe iko Mwanga, hapa Kigoma. Matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, jiko la nje, na mchikichi mmoja mkubwa uani. Baba aliijenga kidogo kidogo, enzi ambazo umeme wa mji huu ulikuwa wa majenereta ya dizeli na ukikatika jioni huna la kufanya ila kulala. Alipofariki, mama akahamia kwa dada yangu Kasulu, kaka yuko Mpanda, na mimi ndiye niliyechaguliwa kusimamia mirathi. Tukakubaliana kuuza.

Mtaani watu kama yule mzee wana jina lao: wanoko. Mstaafu wa reli, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kazi za shamba. Ziara ya kwanza alifungua mabomba yote kwa pamoja akaenda kutazama mita. Ya pili alikuja na fundi wake, fundi akashusha timazi kwenye kila kona ya nyumba, akapanda darini kukagua kenchi, akashuka na nywele nyeupe kwa vumbi. Ya tatu alikuja saa tatu usiku kusikiliza muziki wa baa ya barabara ya juu. Ya nne sijui alifuata nini, maana nilimkuta anazungumza na majirani, na walikuwa wamemweka kwenye kiti. Kila mtu akaniambia achana naye, huyo hanunui, huyo anapita kuchungulia nyumba za watu.

Mimi nasema anayekukagua hivyo ndiye mwenye hela. Na nasema hivyo kwa sababu nilishapitia kwa mwenzake mtamu.

Kabla ya mzee alikuwepo kaka mmoja wa Dar es Salaam. Alitumiwa picha, akapiga simu akicheka. "Dada, hii nyumba ni yangu, usimwonyeshe mtu mwingine." Hakuuliza choo kiko ndani au nje. Hakuuliza hati. Hakupunguza hata senti, na mimi mjinga nikaona nimepata bahati. Hela ingeingia Ijumaa. Ijumaa ikawa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukawa "kuna mzigo wangu umekwama bandarini". Wiki sita nimewafukuza wateja wengine kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa ametoa hata nauli ya kuja kuiona nyumba. Sasa fikiria: mtu anayetaka kutoa milioni sitini za jasho lake anawezaje kukosa swali? Asiyeuliza, ama hela si yake, ama hana.

Mzee alikuwa na maswali kwa sababu hela ile ilikuwa kiinua mgongo. Kiinua mgongo hakiji mara mbili. Akikosea nyumba, kakosea uzee wake wote.

Tukianza na dalali. Mimi nilimwambia dalali bei ni milioni 65. Mzee akakataa kuzungumza bei mpaka amwone mwenye nyumba ana kwa ana, na dalali akamzungusha karibu wiki mbili: mara nimesafiri, mara naumwa. Tulipokutana mwishoni, mzee akaanza, "Mama, hiyo milioni 72 imekaa juu sana." Sabini na mbili! Dalali alikuwa amesimama pale pale, akaanza kukagua simu yake. Cha juu kwa madalali si habari mpya, kila mtu anajua, lakini ni kitu kingine kukisikia kikitajwa mbele yako kwa tarakimu. Saba zangu zote zingepita pembeni kama mzee asingekuwa msumbufu.

Baada ya hapo ndipo yakaja makaratasi, na hapa ndipo aliponiumiza.

Hati ilikuwa bado ina jina la baba. Mimi nilikuwa na Fomu Namba 4 ya mahakama ya mwanzo inayoniteua kuwa msimamizi, nikaamini inatosha kuuzia. Mzee akaisoma mpaka muhuri wa nyuma, akanirudishia: hii inaonyesha wewe ni msimamizi, lakini kwa msajili wa hati mwenye nyumba bado ni marehemu, na marehemu hasaini. Jina la msimamizi liingie kwanza kwenye usajili, ndipo umiliki uhame kwenda kwa mnunuzi. Nikaenda ardhi kuuliza nikitumaini wataniambia mzee kapitwa na wakati. Wakaniambia yuko sahihi. Nikaonyeshwa pia deni la pango la ardhi la miaka miwili ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelikumbuka. Kodi ya jengo peke yake ndiyo haikuwa na ugomvi, kwa kuwa tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU na mpangaji wetu alikuwa ananunua umeme.

Nikidhani tumemaliza, akasema: "Sasa nataka kusikia kwa ndugu zako. Na kwa mama yako."

Kisheria msimamizi anasaini. Nilimwambia hivyo, na sauti yangu haikuwa nzuri. Nilijiuliza, na mpaka leo najiuliza, kama kaka yangu ndiye angekuwa msimamizi, je, mzee angedai kusikia kwa dada zake? Sidhani. Mwanamke akisimamia mali ya baba yake anatazamwa kama aliyeichomoa mfukoni. Hilo sikumsamehe siku ile na sioni haja ya kujifanya nilimsamehe.

Nikampigia kaka Mpanda ili aongee na mzee tumalize. Kaka akauliza: milioni sitini na ngapi? Yeye alikuwa anajua tumekubaliana kuuza, lakini alidhani mama atabaki na vyumba viwili vya uani, kama baba alivyowahi kusema akiwa hai. Mimi nilidhani nilishamweleza. Nilikuwa nimemweleza dada. Hebu pima ingekuwaje mkataba ungesainiwa, hela zikagawanywa, halafu kaka akatua kituo cha basi na begi lake akitaka vyumba viwili. Watu wanakaa miaka barazani kwenye mabaraza ya ardhi kwa jambo dogo kuliko hilo. Tulimalizana sisi wenyewe, kwa simu nne na kikao kimoja, na kaka akatia sahihi ya kuridhia.

Kwa mama, mzee hakukubali simu. "Simu anaweza kushika yeyote." Akapanda basi mwenyewe mpaka Kasulu. Jioni mama akanipigia: "Mwanangu, huyu mtu wako kafika. Kakataa chai mpaka nimjibu." Mama alimjibu kuwa ameridhia, ila akamwomba mchikichi usikatwe, maana ndio uliotupa mawese miaka yote. Mzee akamwambia hawezi kuahidi. Akishalipa, mti utakuwa wake, na akiahidi leo akaukata kesho atakuwa amemdanganya mjane. Nilichukia niliposikia. Mama hakuchukia. Alisema huyo mwuzieni.

Siku ya kutafuta bikoni, zile zege zenye namba zinazoonyesha mipaka ya kiwanja, ndiyo nitakayoikumbuka. Ramani inaonyesha bikoni nne, tulizoziona ni tatu. Ya nne ilitakiwa kuwa nyuma ya migomba, karibu na ua wa michongoma wa jirani. Mzee akavua viatu, akakunja suruali yake ya pasi, akashika jembe. Tulichimba mimi na yeye na kijana wa jirani, udongo mwekundu ukitufika magotini, mpaka jembe likalia *ta!* juu ya zege. Mzee akapiga magoti, akaifuta namba kwa kidole gumba kama mtu anayefuta uso wa mtoto. Bikoni ilikuwa upande wa pili wa michongoma, hatua moja ndani ya ua wa jirani. Jirani akaitwa, mjumbe akaitwa, ikaandikwa na kusainiwa kwamba mpaka ni bikoni na si michongoma. Jirani hakuwa na neno, ua aliurithi ulivyo. Lakini hatua ile moja ingemngojea mtu.

Basi, kwa yote hayo nilimpa mzee kila alichotaka, japo kwa uso uliokunjamana. Palipokuja suala la hela ndipo nami nikawa mnoko.

Tulipeana mkono kwa milioni 62. Wiki iliyofuata akaja na karatasi ya fundi: bati, gata, nyufa za jikoni, mfuniko wa shimo la choo, jumla akaomba zipungue saba. Hapa wauzaji wengi hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaokasirika na kuvunja biashara, na wapo wanaoogopa kumpoteza mteja wakakubali, kisha mteja akagundua kuwa ukisukumwa unasogea, anarudi tena na tena. Mimi nilichukua karatasi, nikapitia naye mstari kwa mstari. Nyufa za jikoni alikuwa ameziona siku ya timazi, kabla hatujapeana mkono, kwa hiyo ziko ndani ya bei. Mfuniko vivyo hivyo. Bati linalovuja lilikuwa kosa langu, maana nililificha kwa rangi. Nikamwambia achague, nilitengeneze mimi au nipunguze milioni moja na nusu, si vyote viwili. Akachagua hela. Fundi wake ni wa bei rahisi, nadhani.

Akaomba pia apewe funguo baada ya malipo ya kwanza, aanze kupaka rangi wakati akisubiri hela ya pili. Hapo sikupitia mstari kwa mstari, nilisema hapana. Mtu akishalala ndani ya nyumba, kumtoa ni kazi ya mahakama. Hela imalizike benki, wakili ashuhudie, funguo zitoke. Akaguna, akasema na yeye angekataa.

Lipo pia lile la kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi wa nchi, na ushuru wa stempu kwa kawaida unabebwa na mnunuzi, kwa hiyo pande zote mbili zina kishawishi, na wapo waliotushauri tuandike arobaini. Mzee akauliza swali moja tu: biashara hii ikivunjika, nitakudai sitini kwa karatasi ipi? Tuliandika bei yenyewe.

Na mimi nilimdai vyake. Kitambulisho cha taifa, barua ya mtaa wake, na jina litakaloingia kwenye hati liwe la anayelipa. Hapa kwetu mpakani hilo lina uzito, kwa sababu sheria hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi nje ya uwekezaji, na wapo wanaonunua kwa kuazima jina la raia. Muuzaji asiyeuliza hujikuta anaitwa shahidi. Mzee alivitoa vyote kutoka kwenye bahasha moja ya kaki, vimepangwa, kila kimoja na nakala yake. Mke wake naye akaja kusaini. Alikuwa mtu wa maneno machache, akaniambia nisijali, hata yeye alichumbiwa hivi hivi.

Funguo nilikabidhi mwezi wa tatu. Mchikichi bado upo, nimeuona nikipita.

Wiki iliyopita simu ikaita, mzee. Anataka kujua mfuniko wa shimo la maji taka uko wapi, majani yamefunika. Nikamwambia uko chini ya mlimao, usawa wa dirisha la jikoni.

"Hatua ngapi kutoka ukutani?"

Nikafumba macho, nikatembea uani kwetu kichwani. "Nane."

"Zako au zangu?"