Usinionyeshe tenki, nipeleke kwenye bomba la mwisho

Mvua za kwanza zikishika, Novemba ikielekea Desemba, kuna sentensi moja inayozunguka miji yetu midogo huku nyanda za juu, kuanzia Tukuyu mpaka Mafinga: "Hayo ni matope tu ya mvua, maji yenyewe ni salama." Utaisikia kwenye gari la matangazo, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kwa mjumbe, hata kwa mtu aliyevaa kizibao cha mradi. Matope tu! Kana kwamba yameteremka yakiwa yameshatawadha.

Tuyafuate yanakotoka. Juu ya kitekeo, pale maji ya mto yanapotekwa kuingia bombani, kuna shamba la viazi lililopigwa dawa ya ukungu wiki iliyopita. Pembeni kuna vinyungu, yaani bustani za bondeni, na mbolea ya samadi ndani yake. Kuna njia ya ng'ombe, na kuna choo cha shimo ambacho mwenyewe anaapa kiko mbali. Kiangazi kizima uchafu wote huo umekaa pale juu umekauka. Mvua ya kwanza inaufagia kwa mkupuo mmoja na kuuingiza mtoni, na mto unaingia kwenye bomba. Kwa hiyo maji ya siku hiyo ndiyo machafu kuliko ya siku nyingine yoyote ya mwaka, na ndiyo siku tunayoambiwa tusiwe na wasiwasi.

Nikiri jambo moja, ingawa shingo upande: maji ya milima yetu ni mazuri. Hayana chumvi kama ya Dodoma wala floridi ya kule Arusha, na sabuni inatoa povu kwa kuonyeshwa tu. Uzuri huo ndio umetulevya. Jicho huanza kuuona ukungu kwenye maji ukifika kama NTU 4 hivi, NTU ikiwa kipimo cha tope ndani ya maji. Bakteria wa kinyesi hawaonekani hata wakiwa maelfu. Kiwango cha maji ya kunywa ni sifuri ya E. koli, mmoja wa bakteria hao wa kinyesi, katika mililita 100, na hakuna jicho la mzee yeyote wa kijiji, hata awe na busara namna gani, linaloweza kuihesabu sifuri hiyo kwa kuinua glasi kwenye mwanga.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa, yaani kijiko.

Miradi mingi ya mserereko, ile ambayo maji yanateremka yenyewe bila pampu, dawa yake hutiwa hivi: mlinzi wa tenki anafungua ndoo ya klorini ya unga, anachota "kiasi", anamwaga juu ya tenki, anafunga mfuniko na kwenda shambani. Kesho hivyohivyo, akikumbuka. Ukimuuliza kiasi gani, anakuonyesha kijiko. Ukimuuliza kilichobaki bombani, anakuangalia kama umemuuliza umri wa mto. Simlaumu yeye, maana hakuna aliyempa kipimo. Alipewa ndoo na kijiko, akapigwa picha siku ya uzinduzi, Mwenge ukapita, basi.

Klorini haitiwi kwa kijiko, inatiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Unga huo una klorini inayofanya kazi asilimia 65 mpaka 70. Gramu 15 zake ndani ya lita moja ya maji zinakupa mmumunyo wa asilimia 1. Chukua ndoo nne za lita 20 zenye maji ya chanzo chako, utie mililita 2 za mmumunyo huo kwenye ya kwanza, 4 kwenye ya pili, 6 kwenye ya tatu na 8 kwenye ya nne. Hapo umetia miligramu 1, 2, 3 na 4 kwa kila lita. Koroga, subiri dakika 30, kisha pima klorini iliyobaki katika kila ndoo. Ile iliyobakiwa na miligramu 0.5 kwa lita ndiyo dozi yako ya leo. Sema leo, kwa sababu mvua ikinyesha usiku kesho unaanza upya. Tope linakula klorini kabla haijawafikia bakteria, na bakteria wengine wanajificha ndani ya chembe za tope kama panya kwenye gunia. Maji yakizidi NTU 5 unajisumbua, na ukitaka klorini ifanye kazi bila ubishi yawe chini ya NTU 1.

Tuseme dozi imetoka miligramu 2 kwa lita. Elekeza maji yanayoingia tenkini kwenye pipa la lita 200 na ushike saa ya simu. Likijaa kwa sekunde 67, una lita 3 kwa sekunde, yaani lita 10,800 kwa saa. Zinahitaji gramu 21.6 za klorini kila saa, ambazo ni lita 2.16 za mmumunyo wa asilimia 1, au mililita 36 kila dakika. Huhitaji pampu wala umeme. Unahitaji pipa la plastiki lenye mmumunyo, boya la kufanya kina kisibadilike, mrija na kikoki kidogo cha kudondoshea. Mililita 36 utazipima kwa kikombe cha dawa ya kikohozi cha mtoto. Kwa siku nzima zinakwenda gramu kama 800 za unga, kwa hiyo ndoo ya kilo 45 inakaa siku 56. Lita 3 kwa sekunde zinawatosha watu 10,000 kwa lita 25 kila mmoja kwa siku. Gawanya mwenyewe uone unga wa mtu mmoja unavyokuwa mdogo kuliko punje ya hindi. Halafu mtu asimame mkutanoni aseme dawa ni ghali.

Kinachoharibika nacho kinajulikana. Unga ukiyeyushwa na kutumiwa papo hapo, mashapo yake meupe yanaziba kikoki ndani ya siku mbili. Yeyusha jana, acha yatuame, leo tumia maji ya juu tu. Mfuniko ukiachwa wazi nguvu inapotea, na unabaki unamwaga chokaa kwa moyo mweupe. Ndoo ikiwekwa stoo moja na dizeli ya pampu, siku moja mtauzima moto. Kubwa zaidi ni kwamba kikoki hakijui kama mto umejaa au umekauka. Oktoba mtiririko ukishuka mpaka lita 2, matone yaleyale yanakuwa mengi kupita kiasi na watu wanalalamikia harufu. Januari mtiririko unapanda, tope linapanda, matone ni yaleyale, na harufu inapotea. Watu wanafurahi kwamba siku hizi maji hayanuki dawa!

Na kuna kosa la ramani ambalo fundi yeyote akitembea na bomba atalikuta. Klorini inataka angalau dakika 30 kabla maji hayajafika mdomoni, tena maji yetu ya baridi yanataka zaidi, kwani joto likipungua nyuzi 10 muda unaohitajika unakaribia kuwa mara mbili. Kazi hiyo ni ya tenki. Lakini nyumba tatu nne za karibu zimeungwa kwenye bomba kuu kabla ya tenki, kwa sababu presha ya pale ni nzuri na mwenye nyumba anajuana na watu. Hao wanakunywa mto, na risiti ya mamlaka wanapewa.

Tuseme sasa dawa imetiwa vizuri na tenki limepimwa. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Barua ya maabara inayotajwa kwenye hotuba kwa kawaida inahusu sampuli ya kitekeo au ya tenki, tena ya kiangazi. Hakuna anayekunywa tenki. Kati ya tenki na sufuria ya mama kuna kilomita kadhaa za bomba, na huku kwetu bomba hilo linapanda na kushuka vilima.

Mgao ndio adui. Bomba likijaa maji saa 24, presha inasukuma kwenda nje, hivyo penye tundu maji yanatoka na uchafu hauingii. Ukifunga valvu, wa bondeni wanaendelea kuchota na wa mlimani bomba lao linabaki tupu. Bomba tupu kwenye mteremko linanyonya. Unasikia koki inavuta pumzi? Hiyo si hewa tu. Inavuta pia kilichozunguka kila tundu: maji ya mfereji, maji ya karo, na yale yaliyo kwenye dimbwi ambamo kuna kiungo kilichofungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Mpira wa kumwagilia ulioachwa umetumbukia kwenye pipa la kufyatulia tofali unarudisha pipa lote bombani bila mtu kugusa kitu. Na jirani aliyepachika pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili ajaze tenki lake la ghorofani anamnyonyea mtaa mzima uchafu. Huyo tunamwita mjanja.

Maji yakirudi, lita za kwanza ndizo zilizobeba vyote hivyo. Yaache yatoke mpaka yang'ae na uongeze dakika mbili. Ya mwanzo osha nayo baiskeli. Wanaotengeneza bomba lililopasuka nao wana deni: ncha zote mbili zilizokatwa na ndani ya kipande kipya zipitishwe kitambaa chenye mmumunyo wa asilimia 1 kabla ya kuunga, kisha maji yafunguliwe kwenye valvu ya kutolea tope kabla ya kupelekwa kwa watu. Ni kazi ya robo saa. Mara ngapi umeiona ikifanywa?

Kwenye shabu, dawa ya kushikanisha tope ili lituame, nitapita haraka, ingawa wapo wanaoimwaga nayo kwa kijiko. Maji yetu ni laini mno. Kila miligramu moja ya shabu inakula karibu nusu miligramu ya uwezo wa maji kujikinga na ukali, na uwezo huo ukiisha tope halishikani, maji yanakuwa makali na mabomba ya chuma yanaanza kuliwa. Mtambo unaotia shabu bila kupima pH, yaani ukali wa maji, na bila chokaa pembeni, unatengeneza tatizo la pili ukidhani unatibu la kwanza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na mita zake 60 kutoka chanzo? Kila mtu anaijua, na kila mtu ana shangazi mwenye kinyungu ndani yake.

Wanaosema klorini inapunguza nguvu za kiume sitawajibu.

Mpaka hayo yarekebishwe, jikoni mambo yako hivi. Kuchemsha kunatosha, ila huku juu maji yanachemka mapema: Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama nyuzi 94. Nyuzi hizo zinaua. Subiri yatokote kikwelikweli dakika moja, siyo vile viputo vya pembeni ya sufuria, na ukivuka mita 2,000, kama kule Kitulo, yape dakika tatu. Anayetumia vidonge vya dukani asome karatasi: vile vya lita 20 vinataka dakika 30, na maji yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha vitiwe viwili. Tenki la plastiki la lita 1,000 lisuguliwe walau mara mbili kwa mwaka, lijazwe maji yenye gramu 77 za unga ule wa asilimia 65, likae usiku kucha, limwagwe lote. Na ndoo ya kunywa iwe na koki. Kikombe kinachotumbukizwa na kila mkono unaopita kinafuta kazi yote ya kuni.

Hakuna lolote hapo linalomwondolea mwenye mradi wajibu wake. Mteja amelipia maji ya kunywa, siyo malighafi.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa, mwenyekiti akimaliza kusoma mapato na matumizi, ombeni karatasi ya pili: klorini iliyobaki kwenye bomba la mwisho, la mtaa ulio mbali kuliko yote, kila wiki, na tarehe. Ibandikwe ubaoni hapohapo. Kisanduku cha kupimia kinaingia mfukoni. Unachota mililita 10, unatia kidonge cha DPD namba 1, kinachogeuka waridi kikikutana na klorini, unatikisa, unalinganisha rangi ndani ya dakika moja. Waridi iliyokolea kidogo ni 0.5. Waridi hafifu ya 0.2 ndiyo mwisho wa uvumilivu. Isipobadilika kabisa, kabla hujaandika sifuri nusa kwanza: klorini ikizidi sana inaifuta rangi yenyewe, na kimirija kinabaki cheupe vilevile. Ikinuka, changanya sehemu moja ya maji hayo na tisa za maji yasiyo na klorini, upime tena, uzidishe kwa kumi. Isiponuka, andika sifuri, na jina la mtaa.