Nyundo Iliyochomoka Mpini

Likitajwa igizo la vita vya Lugalo, Iringa nzima inataka kuwa Mkwawa, chifu wa Wahehe. Kikundi chetu kilibishana siku mbili, mwisho tukapiga kura ya vikaratasi. Changu kikatoka kimeandikwa Zelewski, yule ofisa wa Kijerumani aliyebatizwa jina la Nyundo, akaja kuuawa na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891. Sikununa sana. Zelewski anakufa mapema, na ukishakufa unajilalia zako huku wenzako wanahangaika na maneno ya kukariri.

Shida ikawa buti. Mwongozaji alisema Mjerumani asiye na buti za magotini ni mtalii tu. Mimi nilikuwa na raba. Za mtumba zilizonienea bei yake ilikuwa ya mbuzi, tena mwenye mimba, kwa hiyo nikaamua kushona kava: unatengeneza umbo la buti kwa kitambaa, unalivalisha juu ya kiatu chako, lastiki inapita chini ya soli kulishika. Kwa mbali nani atajua?

Fundi mmoja wa viti vya bajaji aliniuzia mabaki ya leza nyeusi. Kazi hii inataka kitambaa kinachovutika. Leza ya bajaji haivutiki. Imezoea kukaliwa na watu wanne mahali pa watatu na haijawahi kulegea.

Nikavaa raba, nikajizungushia mfuko wa nailoni kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti, nikapiga selotepu juu yake hadi mguu ukafanana na mzigo wa kupakiwa basi la Dar. Mpwa wangu akachora mstari wa mshono, mbele na nyuma, kisha akakata taratibu. Mkasi wa baridi ya Julai ukipita nyuma ya goti, unakumbuka dhambi zako zote. Lakini kiolezo kilitoka safi. Nakisifia kwa sababu hakuna kingine cha kusifia.

Mguu wa pili sikuupima. Wa nini, si mapacha? Nikakilaza kiolezo kwenye leza, nikakata, nikakilaza tena vilevile, nikakata. Kuja kuunganisha, nina miguu miwili ya kushoto. Na leza ina uso na mgongo: ukiigeuza iwe ya kulia, ule mgongo mweupe wa pamba unakuja nje. Nikaugeuza hivyohivyo, nikaupaka kiwi. Kopo zima.

Shangazi, ambaye cherehani ni yake, alikuwa ananitazama tu.

"Baba, mguu unaingiaje humo?"

"Unapitia juu, shangazi."

"Na kisigino?"

Nikacheka. Alinionyesha zipu iliyokuwa kwenye kopo lake la vifungo. Nikamwambia buti za Wajerumani hazikuwa na zipu.

Siku ya igizo kisigino kiligoma pale kwenye kifundo. Dakika kumi zimebaki. Wakafumua mshono wa nyuma, wakanivalisha, wakanishonea humohumo kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni.

Nikatoka jukwaani nikiongoza kikosi. Magoti hayakunji. Nilitembea kama bikari inayopima ramani. Hatua ya nne lastiki ya kulia ikakatika, ncha ya kava ikazunguka chini ya soli, nikaikanyaga kwa mguu wa kushoto, nikaenda chini mzimamzima kama msonobari wa Sao Hill. Wahehe walikuwa bado wamejificha kwenye mabua ya mahindi. Hakuna aliyerusha hata jiwe.

Kimya.

Kijana wa kunichoma mkuki akaja mbio, akasimama juu yangu, hajui la kufanya. "Kaka, amka nikuchome," akanong'ona. Kipaza sauti kilikuwa karibu na kichwa changu, kwa hiyo alinong'onea uwanja mzima. Nikajaribu kuamka. Bila magoti mtu haamki, anajiviringisha. Akanishika mguu wa kulia anisaidie, akavuta. Mshono wa mbele ukapasuka, raba yangu ya kijani ikachungulia, kisha ikamchomokea mkononi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti: "Nyundo imechomoka mpini!"

Hapo Mkwawa mwenyewe, nyuma ya pazia, aliishiwa nguvu. Hotuba yake ya ushindi aliianza mara tatu. Yule kijana alijifuta jasho kwa viganja vilivyojaa kiwi, akamaliza vita akiwa na masharubu ambayo hakuingia nayo.

Nilirudishwa nyumbani kwa bajaji, miguu imenyooka nje kama kuni. Shangazi alikuwa barazani.

"Kamwene, Mjerumani."

"Shikamoo, shangazi. Naomba mkasi."

"Kuingia nilikuuliza," akasema. "Sasa niambie, unatokaje?"

Akaingia ndani. Nilidhani amefuata mkasi. Kumbe ametokea mlango wa uani kuita majirani.