Msiipime Srivijaya kwa mawe

Wiki hii nimetazama video inayopanga himaya kuu za kale za Kihindu na Kibudha, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Angkor ya Kambodia imewekwa juu kabisa. Majapahit ya Java imo, Wachola wa kusini mwa India wamo, na kila moja imepewa picha ndefu za mahekalu yake. Ilipofika zamu ya Srivijaya, himaya ya baharini iliyokuwa na makao yake Palembang, kisiwani Sumatra katika Indonesia ya leo, msimulizi alitamka sentensi moja tu, kwamba haikuacha chochote cha kutazamwa, kisha akapita zake.

Nimeudhika. Mlangobahari wa Malacca ulikuwa mikononi mwa watu hawa kuanzia karne ya 7, kwa karne kadhaa, na huko ndiko kafuri, udi, karafuu na hariri zilikopitia kati ya Uchina, India na Ghuba ya Uajemi. Leo wanafutwa kwa sababu hawana gofu la kupigia picha. Ni upimaji uleule unaoidharau kila jamii iliyojenga kwa mbao na makuti.

Palembang ulikuwa mji wa mtoni. Zhao Rugua, ofisa wa Uchina aliyesimamia biashara ya baharini na kuandika mwaka 1225, anasema watu wa huko walitawanyika nje ya mji au waliishi majini juu ya vyelezo vilivyoezekwa kwa matete, na hao wa majini walisamehewa kodi. Katika mvua na tope la Sumatra, ulitaka nyumba hizo zidumu miaka elfu moja? Kutodumu kwake hakusemi lolote kuhusu nguvu ya waliokaa ndani.

Tena hata mawe yapo, ukijua kuyasoma. Jiwe la Kedukan Bukit, lililopatikana Palembang mwaka 1920, ni dogo. Limeandikwa Kimalei cha kale kwa hati iliyotoka kusini mwa India, na linasimulia jinsi mwaka 682 Dapunta Hyang, mtawala wa Srivijaya, alivyopanda chombo, akaongoza jeshi la watu 20,000, ambapo 1,312 wanatajwa kuwa walikwenda kwa miguu. Mtawala anayeweza kuhesabu askari wake hadi wale kumi na wawili wa mwisho ana makarani, ana ghala, ana chakula cha kutosha njiani.

Jiwe ninalolipenda kuliko yote ni la Telaga Batu. Juu lina vichwa saba vya nyoka, chini lina mlizamu wa kutolea maji. Katikati kumeandikwa kiapo kirefu. Inaaminika maji yalimwagwa juu ya maandishi, yakakusanywa chini, na waapaji wakayanywa. Atakayeisaliti himaya, laana ile itamuua kutoka ndani. Halafu soma orodha ya wanaoapishwa: wana wa wafalme, makamanda, mahakimu, wasimamizi wa vibarua, makarani, manahodha, wafanyabiashara, mpaka wafua nguo wa mfalme na watumwa wake. Mfua nguo anaapishwa! Himaya iliyotandazwa kwenye visiwa na midomo ya mito haiwezi kulindwa kwa kuta. Ililindwa kwa utii wa watu, na utii huo ulikuwa na utaratibu wake, hofu yake na malipo yake, kwa maana waaminifu nao waliahidiwa thawabu. Ukiliona jiwe hili bado ukasema hapakuwa na himaya, hutafuti himaya, unatafuta mnara.

Na elimu je? Mwaka 671 mtawa wa Kichina, Yijing, aliondoka Guangzhou akielekea India. Alishuka kwanza Srivijaya, akakaa miezi sita akisoma sarufi ya Kisanskriti, ndipo akaendelea hadi Nalanda, chuo kikubwa cha watawa wa Kibudha huko India. Ameandika kwamba mjini hapo palikuwa na watawa zaidi ya 1,000, na akawashauri Wachina wenzake wanaotaka kwenda kusoma India wakae huko kwanza mwaka mmoja au miwili wajinoe. Aliporudi kutoka Nalanda hakukimbilia kwao; alibaki Srivijaya kutafsiri vitabu alivyobeba. Mwaka 689 alikwenda bandarini kuagiza karatasi na wino kutoka Guangzhou, upepo ukageuka vizuri, meli ikatweka matanga na kuondoka naye akiwa ndani, vitabu vyake vyote vikabaki nyuma. Mwaka huohuo akarudi, safari hii na wasaidizi. Mtu hahangaiki hivyo kwa ajili ya kijiji cha wavuvi.

Karne tatu baadaye, Atisha, mwalimu aliyekuja kuujenga upya Ubudha wa Tibet, alivuka bahari kutoka Bengal kwenda kusoma Sumatra kwa mwalimu aitwaye Dharmakirti. Wanafunzi walitoka India kwenda huko, si kinyume chake tu. Na katika karne ya 9 mfalme Balaputra wa Srivijaya alikuwa amejenga nyumba ya watawa Nalanda kwenyewe, naye mfalme Devapala wa Wapala, watawala wa Bengal, akaipa mapato ya vijiji vitano. Srivijaya ilijenga, ila ilijenga pia ugenini, mahali ambapo wafanyabiashara na wasomi wake walifikia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hekalu la Kibudha la Borobudur ni ajabu na kwamba Srivijaya haina kitu kama hicho. Lakini hata Borobudur, iliyojengwa Java na ukoo wa Sailendra ambao Balaputra mwenyewe alitokana nao, imechongwa merikebu za bahari kuu kutani mwake. Mojawapo iliundwa upya na kusafiri kutoka Indonesia, ikapita Madagascar na Cape Town, ikafika Ghana mwaka 2004.

Kuhusu kuanguka kwake, video inasema Wachola waliimaliza mwaka 1025. Ni kweli mfalme wao Rajendra Chola alituma jeshi la majini, akapiga bandari moja baada ya nyingine, akamteka mfalme na kuchukua lango lake la vito. Ameorodhesha ushindi huo kwenye ukuta wa hekalu la Thanjavur. Lakini mwaka 1028 ujumbe kutoka Srivijaya ulikuwa umeshafika tena kwa Wasong, watawala wa Uchina. Kilichoiua ni kitu cha polepole zaidi. Nguvu yake yote ilitokana na kuwa mahali pa lazima, pale ambapo shehena zilikutana, zikangoja pepo za msimu na kubadilishana mikono. Wafanyabiashara wa Kichina walipoanza kusafiri kwa meli zao wenyewe na kununua moja kwa moja kwenye bandari ndogondogo, bandari hizo zikajiuliza zinamlipa Palembang kwa lipi. Jambi, bandari jirani huko Sumatra, ikainuka, Java ikaingilia, na kufikia mwaka 1400 hivi mwana wa mfalme kutoka Palembang alikuwa anaanzisha mji wa Malacca, kwa biashara ileile kwenye maji yaleyale.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tungepaswa kuielewa hadithi hii haraka kuliko wengine. Meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung katika karne ya 9, iliyopatikana mwaka 1998 ikiwa na vyombo vya kauri vya Kichina vipatavyo 60,000, mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, kama mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ushahidi unauzwa wakati huuhuu tunaposema haupo. Kwa miaka mingi wapiga mbizi wa Palembang wamezama kwenye Mto Musi, gizani, wakivuta hewa kwa mpira kutoka kwenye mashine juu ya mashua, na wametoa pete za dhahabu, sarafu, sanamu za Kibudha, kauri. Vingi vimeishia kwa wanunuzi binafsi. Siwalaumu wapiga mbizi. Wanatafuta riziki, na kazi ile inaweza kuua. Walipwe bei ya haki na makumbusho, tena walipwe zaidi kwa kueleza ni kona gani ya mto na kina gani kila kitu kilitoka, kwa sababu pete isiyojulikana ilikotoka haiwezi tena kutuambia mji ulikaa wapi. Fedha za kufanya hivyo zitafutwe sasa, wakati wazee wa kazi hiyo, wanaojua kila shimo la Musi, bado wapo wa kuulizwa.