Archimedes hakuhitaji vioo

Juzi mpwa wangu alitoka shule amesisimka. "Mjomba, kumbe Archimedes alichoma meli za Warumi kwa vioo!" Wamefundishwa hivyo, kama jambo lisilo na shaka: kwamba mwanahisabati huyo Mgiriki aliziunguza meli za Warumi walipouzingira mji wake wa Syracuse, kisiwani Sicily. Nikachukua lenzi, tukatoka uani. Karatasi ikaanza kufuka moshi, naye akapiga makofi. Nikamwambia aiyumbishe karatasi kidogo, kama mashua inavyoyumba majini. Moshi ukakatika.

Hapo ndipo hadithi nzima inapokwama. Jua tunaliona kama duara, si nukta, kwa hiyo mwanga unaorudishwa na kioo hutanuka kadiri unavyokwenda. Meli ikiwa mita 50 mbali, doa la mwanga linafika na upana wa karibu nusu mita, hata kama kioo ni kidogo kama kiganja. Ubao hauwaki mpaka madoa mengi yarundikane mahali pamoja na yatulie hapo. Nani atawashikisha watu mia shabaha moja, juu ya chombo kinachopanda na kushuka na mawimbi, chenye mabaharia waliozungukwa na maji ya kuzimia moto? Tena Syracuse inatazama bahari upande wa mashariki, kwa hiyo wangetegemea jua la asubuhi tu.

Haya, mwanasayansi Mfaransa Buffon alichoma mbao mwaka 1747 kwa vioo 168, na wanafunzi wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, wakafanikiwa mwaka 2005 kwa vioo 127, umbali wa mita 30 hivi. Nakubali. Lakini shabaha yao ilikuwa imetulia, na kwa umbali huo mshale wa moto unamaliza kazi mapema zaidi.

Kinachoniuma ni kile tunachomnyang'anya mzee huyu. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyezaliwa miaka michache tu baada ya mji kuanguka mwaka 212 KK, anaeleza mitambo ya kurusha mawe na mkono wa chuma ulionasa meli kwa omo, ukaisimamisha wima, kisha ukaiachia. Kioo hakitaji hata kimoja. Livy na Plutarch, waandishi wa historia waliokuja baadaye, nao hawakitaji. Plutarch anasimulia kuwa Warumi walifikia kukimbia kila walipoona kamba au kipande cha mti kimechomoza juu ya ukuta. Hofu yote hiyo ilitokana na wenzo na kapi!

Nilimchorea mpwa wangu ule mkono. Akauliza meli ilikuwa na uzito gani, na mti wa wenzo ulihitaji urefu gani. Tulikaa na penseli mpaka tukaitwa kula.