Begi la Mtoto Litazamwe Mgongoni

Juzi nikitoka kumchukua binti yangu shuleni, nilipita kwa muuza nafaka hapa Kondele, Kisumu, nikamwomba anipimie begi lake. Kilo 7. Mtoto mwenyewe ana kilo 29, yuko Gredi ya Nne. Wataalamu wengi hushauri begi la mwanafunzi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kwake kama kilo 3 au 4. Niliumia, maana begi lile nililichagua mimi.

Tangu siku hiyo nikienda soko la Kibuye nayageuza mabegi yote. Wauzaji huyaning'iniza picha ikitazama mteja, nasi wazazi hununua picha. Upande wa mgongo ndio wenye habari yenyewe. Mikanda ni myembamba, inakata mabega. Mgongoni hamna sponji wala ubao, basi vitabu huporomoka chini na begi huvimba kwa nyuma, likimpiga mtoto makalioni. Mzigo uliojitenga na mgongo humvuta nyuma, naye hulazimika kuinama mbele asianguke. Simama kando ya barabara ya Kakamega saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utawaona wanavyotembea.

Wapanda milima walishapata dawa yake. Mwaka 1952, huko California, Dick Kelty alianza kuuza mabegi yenye fremu ya aluminiamu, na ukanda wa kiunoni ukawa sehemu yake. Ukikazwa juu ya nyonga, uzito mwingi huteremkia kwenye mifupa mikubwa na miguu, mabega yakapumua.

Na hapa kwetu ujuzi ulikuwepo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake juu ya wanawake wa Kenya, Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu za ziada. Nyanya yangu alipandisha maji kutoka ziwani hivyo hivyo, kata kichwani, shingo wima. Simtumi binti yangu abebe vitabu kichwani. Nyanya alizoea tangu utotoni, na shingo ilimsumbua hadi uzeeni. Lakini mzigo wake ulikaa juu ya uti wa mgongo, haukuning'inia nyuma yake.

Fundi mmoja wa Kibuye ametushonea sponji kwenye mikanda, na ukanda wa kiunoni aliouchomoa kwenye begi kuukuu la mitumba. Vitabu vizito sasa hutangulia kuingia, vikae karibu na mgongo. Hata hivyo kilo ni zile zile 7. Za kupunguza hizo ni shule: atlasi na kamusi zilale kabatini darasani. Nimeshamwandikia mwalimu wa darasa. Kwenye mkutano wa wazazi nitakwenda na begi lenyewe, na muuza nafaka amekubali kuniazima mizani.