Valvu ya Hita Ikidondosha Maji, Usiizibe

Mwaka jana, mwezi wa tano, tuliwafungia wazee wetu hita ya maji nyumbani Njombe. Anayeijua Njombe ya Juni mpaka Agosti hahitaji kuelezwa kwa nini. Mama ana miaka 72, magoti yanamsumbua, na kila alfajiri alikuwa anainama kupuliza kuni ili baba apate ndoo moja ya maji ya moto. Tukachanga ndugu wanne, tukanunua hita ya tangi ya lita 50, ya wati 1,500, ikafungwa. Picha zikatumwa kwenye kundi la familia na sote tukafurahi.

Nilipokwenda kuwaona mwezi wa saba, niliingia bafuni nikainua macho chini ya lile tangi, na pamoja na baridi yote ile nikatokwa jasho. Kwenye bomba la maji baridi, pale yanapoingilia tangini, huwa kuna valvu ndogo ya shaba yenye tundu pembeni. Tundu lile lilikuwa limezibwa. Mtu alichonga kijiti, akakizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, akakigongomea ndani mpaka kikakaza.

"Ilikuwa inavuja, mwanangu," mama akaniambia. "Tone, tone, usiku kucha. Tukamwita fundi akaitengeneza."

Nilizima hita kwanza, maelezo yakafuata baadaye. Nimeona kosa hilihili tangu hapo katika nyumba mbili nyingine, na ndiyo maana naandika.

Maji yakipashwa moto hutanuka. Lita 50 zikitoka kwenye baridi ya asubuhi mpaka nyuzi 60 au 65, huongezeka kwa karibu lita nzima. Tangi la chuma halitanuki kiasi hicho, na maji hayabanwi yakabanika. Kama bomba lingekuwa wazi tu, ile lita ingerudi juu kwenye simtanki kimyakimya. Lakini valvu yenyewe ina kilango ndani kinachozuia maji ya tangini yasirudi nyuma, na kinazuia kwa sababu njema: simtanki likikauka siku ya mgao, hita inabaki imejaa na koili, ile inayopasha maji, haiungui. Basi ile lita ya ziada imebaki na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni lile tundu. Valvu nyingi zimepigwa mhuri wa 0.7 au 0.8 MPa. Shinikizo hilo ni sawa na la maji yaliyosimama kwenye bomba la urefu wa mita 70 au 80, wakati simtanki la kwetu limekaa kwenye mnara wa mita sita. Kwa hiyo ukiona tone linadondoka wakati hita inachemsha, tangi linapumua. Likidondosha mfululizo hata hita ikiwa imepoa na imezimwa, hapo kweli valvu ina kasoro au uchafu, na dawa yake ni kuisafisha au kuibadilisha.

Ukiliziba tundu, kila asubuhi unalikaza tangi kama mtu anayejazwa upepo. Kama bahati ipo, litaanza kuvuja kwenye maungio baada ya miezi. Lakini fikiria themostati, yaani kidhibiti cha joto, nayo imekwama, isikate umeme, na kile kikato cha pili cha usalama kimerukwa na fundi kwa sababu "kilikuwa kinasumbua". Maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa kuwa yamebanwa. Siku tangi likipasuka, shinikizo linaondoka kwa mara moja na sehemu ya maji yale hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke unahitaji nafasi karibu mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Tangi la namna hiyo hupasua dari na paa. Mama yangu alikuwa anaoga chini yake kwa wiki saba.

Sikumlaumu sana fundi, na sitaki msomaji amlaumu. Nilimwita, tukasalimiana kwa adabu zote, kamwene kwa kamwene, akanieleza bila kuficha. "Kaka, mimi niliitwa nikaambiwa inavuja. Nikazuia kuvuja." Aliulizwa swali la maji akajibu la maji, na kwa ufundi mzuri. Kitu asichoambiwa na mtu yeyote ni kwamba bomba lile limeshikana na umeme, na kwamba tone lile lilikuwa sehemu ya mashine. Nikampigia yule wa wayaringi aliyeiletea nyaya. Naye akanijibu kwa unyoofu: "Mambo ya valvu ni ya bomba hayo, mimi naishia kwenye themostati."

Hapo ndipo nilipouelewa ugonjwa wetu. Hita ya tangi ni kifaa cha mafundi wawili, na hakuna fundi wa hita. Wa bomba anaifunga ukutani, anaunganisha maji, anaondoka na hela yake. Wa umeme anakuja siku nyingine, anaunganisha nyaya tatu, anawasha, taa nyekundu inawaka, naye anaondoka. Hawakutani. Kila kilicho cha kila mmoja peke yake kimefanywa. Vilivyo kati yao, yaani valvu, ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja), na ule ukaguzi wa kabla ya kuwasha, havina mwenyewe.

Nikaamua kuifuata ethi. Kwenye hita waya wa kijani na njano ulikuwepo, umefungwa vizuri kwenye skrubu yake. Kwenye meni swichi ulikuwepo. Nikatoka nje nikaufuata ukutani, chini, mpaka ukaingia kwenye zege la kibaraza. Kibaraza kilimwagwa mwaka mmoja kabla. Tulipochimbua pembeni tukakuta mwashi aliikata nondo ya ethi ili aweke usawa wa zege, na waya umeishia hewani ndani ya saruji. Kwa hiyo fundi wa tatu naye alikuwemo kwenye habari hii. Hita ya wazee wangu ilikuwa na waya mzuri wa ardhi uliokwenda kila mahali isipokuwa ardhini.

Kwa nini ethi ni kila kitu kwenye hita? Koili imekaa ndani ya maji, ndani ya tangi la chuma, na tangi limeungana na bomba unaloshika ukiwa umelowa na umesimama pekupeku. Ganda la koili likitoboka kwa kutu, umeme unaingia kwenye chuma. Wengi tumewahi kusikia bomba "linatekenya" tukaoga haraka tukaendelea na maisha. Kutekenya kule ni taarifa. Zima kwenye meni swichi siku hiyohiyo, usiguse tena mpaka pamekaguliwa.

Kuna watu watakaosema nondo ikiwepo ardhini basi tumemaliza. Hapana, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hata mafundi wazuri hupasahau. Chukua umeme wetu wa volti 230, na nondo iliyochimbiwa kwenye udongo wa kiangazi ambayo ukinzani wake ni omu 50. Umeme ukivuja wote kwenda kwenye tangi, utakaopita kwenye nondo ni ampea 4.6. Sakiti breka ya hita ni ya ampea 16 au 20. Haitakatika. Itaona ampea 4.6 kama mtu anapiga pasi, itatulia, na tangi litabaki na umeme wa kuua. Ndiyo maana lazima iwepo na RCD, ile swichi yenye kitufe cha kujaribia, inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ya miliampea 30 hukata ndani ya chini ya theluthi moja ya sekunde pale inapoona tofauti. Na hivi viwili havibadilishani. Ethi bila RCD inaweza isikate breka. RCD bila ethi inangoja wewe uliyelowa ndiwe uwe ethi, ndipo ikate. Vikiwepo vyote, inakata dakika ileile koili inapotoboka, labda saa nane usiku wote mmelala, na asubuhi unachokuta ni umeme umejizima na hita mbovu.

Bei ya RCD haifiki bei ya vigae vya bafu hilohilo. Nimeingia kwenye bafu zenye vigae mpaka darini na hita inayong'aa, halafu meni swichi ya nyumba haina hata nafasi ya kuiweka. Hili linaniuma.

Mengine nayapitia haraka. Hita iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, wa milimita za mraba 2.5, na breka yake, si kuchomekwa kwenye ekstensheni wala kudandia waya wa taa. Swichi ya kuwashia ikate nyaya zote mbili, wa moto na wa baridi, na ikae nje ya bafu ambako mkono uliolowa haufiki. Tangi la lita 50 likijaa linakaribia kilo 70, kwa hiyo usimruhusu mtu alining'inize kwenye ukuta wa jipsamu au kwenye tofali lenye uwazi kwa skrubu na vijiti vya plastiki; linataka ukuta imara na bolti za kutanuka. Bomba la maji ya moto liwe PPR, lile la mstari mwekundu, maana PVC ya kawaida inalegea kwenye joto. Valvu iwekewe mpira wa kupeleka matone kwenye shimo la maji, uteremke moja kwa moja, na mwisho wake uwe wazi. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fungua bomba la moto la bafuni uache maji yatoke mpaka yaache kukohoa. Koili ikiwashwa tangi likiwa tupu inaungua ndani ya muda mfupi, na hapo watu husema hita ni feki.

Kuhusu joto nina ugomvi mdogo na kaka yangu mkubwa, anayetaka themostati ishushwe nyuzi 40 ili kuokoa LUKU. Hoja yake ya hela ina uzito. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 18 mpaka 60 kunakula karibu yuniti mbili na nusu, zaidi ya saa moja na nusu kwa hita ya wati 1,500, na ukifanya hivyo kila siku umeshafika yuniti 75 kwa mwezi kwa kuoga tu. Lakini maji ya vuguvugu yanayolala tangini ni shamba la bakteria wa Legionella, waliopewa jina hilo baada ya mkutano wa maveterani wa Marekani kule Philadelphia mwaka 1976, ambako watu waliugua homa kali ya mapafu na kufa. Wanazaliana kati ya nyuzi 20 na 45, na kwenye 60 wanakufa. Kwa wazee wenye mapafu dhaifu sitaki kubahatisha. Iwashwe kwa saa maalumu, ifike 60, izimwe, na maji yachanganywe na ya baridi bombani. Ila mjukuu akija likizo asiachiwe afungue mwenyewe, kwani maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama tano, na ya mtoto upesi zaidi.

Kuna na ule ufito wa magnesiamu ndani ya tangi, unaoliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Unaisha. Kwenye maji ya visima yenye chumvi unaisha upesi zaidi, na kama birika lako linaota magamba meupe, ujue koili nayo inaota. Utazamwe kila mwaka au miwili.

Sasa nirudi kwa mafundi, maana ndiko maoni yangu yaliko. Leseni za ufungaji umeme zinatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ni haki yako kumwomba fundi akuonyeshe yake. Ila hita nyingi huingia nyumbani miaka mingi baada ya mita kuwashwa, na hakuna anayekuja kuitazama. Kwa hiyo mkaguzi ni mwenye nyumba. Pendekezo langu ni dogo: usimalize kulipa. Bakisha theluthi ya ufundi kwa wote wawili, wa bomba na wa umeme, mpaka siku watakayosimama pamoja bafuni kwako. Siku hiyo tangi lijazwe mbele yao, kitufe cha RCD kibonyezwe mbele yao kikate, ethi ipimwe kwa kipimo chake hadi kwenye nondo, kikono cha valvu kiinuliwe maji yatoke. Kisha mmoja wao amweleze anayeishi mle ndani, si aliyetuma hela, kwamba tone lile litadondoka na liachwe lidondoke. Mimi nilituma hela nikiwa Dar es Salaam na sikufikiria kabisa kwamba mama ndiye mtumiaji, na ndiye ambaye hakuna aliyemweleza neno.

Na wenye maduka nawaomba: msiuze hita huku valvu imetolewa kwenye boksi ikauzwa peke yake. Nimekuta hivyo mara mbili mwaka huu.

Tulifunga valvu mpya, tukachimbia nondo mpya nyuma ya jiko mahali penye unyevu, tukaongeza RCD. Nilimkalisha mama nikamweleza habari ya lita moja na tundu lake, na alinielewa kuliko tulivyoelewana na mafundi, kwa sababu amepika maharage kwenye sufuria yenye mfuniko maisha yake yote. Juzi kanipigia simu saa moja asubuhi.

"Mwanangu, leo haijadondosha."

Nikamuuliza kama taa ya hita inawaka. Akaenda kutazama, akarudi. Umeme ulikatika tangu alfajiri.